Kulinganisha H.264, VP9 na AV1 kwenye YouTube

Kwenye kompyuta, bofya kulia juu ya video, fungua takwimu zake, usome mstari wa kodeki (mbinu ya kubana video): avc1 ni H.264, vp09 ni VP9, av01 ni AV1. Funga ubora kwenye 1080p, la sivyo utalinganisha 720p na 1080p bila kujua. Kiendelezi cha kivinjari kiitwacho enhanced-h264ify huzuia kodeki usiyoitaka.

Simamisha video, sogeza fremu moja moja kwa vitufe vya mkato (,) na nukta (.). Hifadhi picha ya skrini kwa PNG. JPEG huongeza uharibifu wake yenyewe. Uso uliotulia haukuambii kitu. Tazama moshi, maji, majani yanayotikisika na hasa kuta zenye giza, maana huko ndiko vijisanduku vya uharibifu wa kubana hujitokeza. Usihukumu kwa bitireti (kiasi cha data kwa sekunde) pekee: kwa ubora uleule, AV1 huhitaji data kidogo kuliko H.264.