Namna ya Kughani Kibudha Kila Siku kwa Ajili ya Utulivu wa Mwili na Nafsi

Kwa karne kadhaa baada ya Buddha kufariki, mafundisho yake hayakuhifadhiwa vitabuni. Watawa waliyatunza kwa kuyaghani pamoja na kusahihishana, na kwa mujibu wa mapokeo yao yaliandikwa kwa ukamilifu nchini Sri Lanka katika karne ya 1 kabla ya Kristo. Anayeanza kughani leo, kwa hiyo, hajifunzi pambo lililoongezwa baadaye juu ya kutafakari, bali anashika njia ileile iliyoyafikisha mafundisho hayo kwetu. Wengi hudhani kwamba faida yake imo katika maneno ya siri yenye nguvu za ajabu. Kwa maoni yangu, kwa yule anayetafuta utulivu, sehemu kubwa ya kazi hufanywa na pumzi, nayo pumzi huongozwa na urefu wa mstari unaoghaniwa.

Mwaka 2001 jarida la kitabibu la BMJ la Uingereza lilichapisha utafiti uliowapima watu wazima 23 wenye afya njema, mara wakisali rozari kwa Kilatini, mara wakirudia mantra, yaani fungu fupi la maneno matakatifu linalorudiwa tena na tena. Katika hali zote mbili pumzi zilipungua hadi karibu sita kwa dakika, ilhali mtu mzima aliyetulia kwa kawaida hupumua kati ya mara 12 na 20, na mabadiliko ya mapigo ya moyo na ya shinikizo la damu yakaanza kufuata wimbi moja na pumzi. Kwamba sala ya Kikatoliki na mantra vilileta matokeo yanayofanana ni jambo linalopaswa kutufundisha unyenyekevu kuhusu maneno, na kutufanya tuwe makini zaidi na mwendo wake.

Hatua ya kwanza ni kuchagua mstari mmoja na kubaki nao. Katika Ubudha wa Theravada, unaofuatwa Sri Lanka, Thailand na Myanmar, karibu kila kisomo hutanguliwa na salamu hii, inayotamkwa mara tatu: *Namo tassa bhagavato arahato sammāsambuddhassa*, yaani, heshima kwake yule Mbarikiwa, Mstahiki, aliyeamka kikamilifu. Watibeti hurudia *Om mani padme hum*, mantra ya silabi sita inayohusishwa na huruma ya Avalokiteshvara, kiumbe mtakatifu wa Kibudha. Nchini Japani, wafuasi wa Ardhi Safi, tawi la Ubudha linalomtegemea Buddha Amida, husema *Namu Amida Butsu*, na wafuasi wa Nichiren, mtawa wa karne ya 13, husema *Nam-myoho-renge-kyo*. Mistari hii haina maana moja wala haitokani na fundisho moja, na kuichanganya asubuhi moja ni sawa na kuchimba visima vinne vifupi. Mtu wa dini nyingine anayetafuta utulivu tu, na asiyetaka kutamka ungamo la imani, aiache ile inayoanza na *Buddhaṃ saraṇaṃ gacchāmi*, kwa kuwa hayo ni maneno ya kumkimbilia Buddha. Achague badala yake beti za Metta Sutta, zinazowatakia viumbe wote heri.

Kuhusu matamshi ya Kipali, lugha ya kale ya maandiko ya Theravada, msemaji wa Kiswahili anaanza akiwa amebarikiwa, kwa sababu irabu tano zinakaribiana sana na zetu. Mstari uliochorwa juu ya irabu huirefusha, kama tunavyorefusha katika «kaa» au «taa». Herufi *c* husomwa «ch», *ñ* husomwa «ny», na *ṃ* ya mwishoni hutamkwa kwa kawaida kama «ng'» ya «ng'ombe», ila bila irabu baada yake. Mtego uko kwenye *th* na *dh*: hizi si sauti za «thamani» na «dhahabu», bali ni *t* na *d* zinazofuatwa na pumzi kidogo. Konsonanti iliyoandikwa mara mbili hushikiliwa kabla ya kuachiliwa, hivyo *gacchāmi* huwa «gach-chaami». Kujifunza kwa sikio, kwa kusikiliza rekodi ya watawa wakighani, kunafaa kuliko kanuni hizi zote.

Keti mahali pasipo na usumbufu, sakafuni au kitini, mgongo ukiwa umesimama bila kukakamaa, ili kiwambo kilicho chini ya mapafu kipate nafasi ya kushuka. Madhabahu, sanamu na ubani ni vya hiari. Wakati ulio bora ni ule utakaoweza kuurudia kesho. Binafsi naipendelea asubuhi, kabla mazungumzo ya siku hayajaichosha sauti.

Vuta pumzi kwa pua kwa sekunde nne hivi, ukiiacha ijaze tumbo kwanza, kisha uuachilie mstari mzima wa *Namo tassa* juu ya pumzi moja inayotoka, kwa sekunde sita au saba. Sauti iwe ya chini, ile unayozungumza nayo ukiwa huna haraka, na mahadhi yasizidi noti mbili au tatu. Usiukazie mwisho wa mstari kwa kuikamua pumzi iliyobaki. Mstari ukiisha, acha pumzi nyingine iingie yenyewe, kwani muda huo mfupi wa kimya ni sehemu ya zoezi. Ukihisi kizunguzungu, unalazimisha, na dawa yake ni kufupisha mstari au kurudi kwenye upumuaji wako wa kawaida. Wenye mantra fupi kama *Om mani padme hum* wanaweza kuirudia mara mbili au tatu katika pumzi moja. Mtetemo utakaousikia kifuani na kwenye mifupa ya uso ndipo mahali pazuri pa kuegesha akili, kwa sababu uko pale muda wote sauti inapotoka.

Tasbihi ya Kibudha kwa kawaida ina punje 108, pamoja na punje moja kubwa ya mwisho ambayo kwa desturi ya Watibeti haivukwi, bali mtu huigeuza tasbihi na kurudi alikotoka. Kwa mwendo wa sekunde kumi kwa kila punje, duara zima huchukua dakika 18, muda ambao ni mrefu kwa anayeanza. Tasbihi ndogo ya mkononi yenye punje 27 huisha ndani ya dakika nne na nusu, na mizunguko miwili yake yatosha kwa mwezi wa kwanza. Akili itatoroka, vidole vitakuonyesha ulipofika, nawe utaendelea na punje inayofuata bila kuanza upya.

Ukimaliza, ni desturi kuwatakia wengine heri kwa mstari wa Metta Sutta, *sabbe sattā bhavantu sukhitattā*, viumbe wote wawe na furaha, kisha kukaa kimya dakika mbili tatu. Siku ikikupita, usiilipe kesho yake kwa kughani mara mbili. Na anayetibiwa msongo mkali au sonona aendelee na dawa zake na daktari wake, kwa kuwa kughani hakuchukui nafasi ya matibabu.

Mstari ukishakaa mdomoni, ongeza maandishi marefu, ubeti mmoja kwa wiki. Wanaoghani kwa kundi huvuta pumzi kila mmoja kwa wakati wake, ndiyo maana sauti yao haikatiki. Anayeghani peke yake avute pumzi mwishoni mwa mstari, na pale mstari unapomzidi aukate katikati ya maneno mawili, kamwe si ndani ya neno.