Kamba ya myombo, mpaka mfuko

Wa Tabora mlio karibu na pori, msikimbilie kamba ya plastiki wakati miti ya miyombo ipo, gome lake ndo linatoa kamba. Kata tawi tu jamani, ukibandua gome kuzunguka shina lote mti unakufa, na nyuki wanakosa maua. Kipindi cha mvua ndo safi, gome linabanduka kirahisi. Kwangua lile gumu la nje, baki na utepe wa ndani, loweka ulainike, chana vijiuzi vyembamba.

Kusokota sasa ndo kazi yenyewe: shika nyuzi mbili mbichimbichi, kila moja izungushe kulia, halafu zipishane zenyewe kwa zenyewe kwenda kushoto, zinabanana hazifunguki hata ukiachia. Uzi ukikaribia kuisha chomeka mwingine mapema, ila usiunge zote mbili sehemu moja, patakatika hapohapo.

Mfuko hauna mafundo, ni vitanzi tu. Anzia kitako, pitisha kamba kwenye kila kitanzi cha chini yake, zunguka ukipanda hadi mdomoni, tumia kamba fupifupi maana yote inapita kila tundu na ndefu itakusumbua. Vitanzi vya kubana kwa karanga, vya kulegea kwa viazi.