Mwambie sonara azime taa: mambo ya kuangalia kabla ya kununua almasi

Pete ya mwanzo ya almasi niliyoinunua iling'ara kwa dakika 20, na dakika hizo zote nilikuwa bado dukani. Nilipotoka na kupinda uchochoro wa kwanza wa Mji Mkongwe niliitazama tena, nikaona kama kipande cha chupa kilichookotwa pwani. Almasi ilikuwa ya kweli na cheti kilikuwa cha kweli. Mkato, yaani jinsi jiwe lilivyochongwa, ndio uliokuwa mbovu. Duka silitaji, maana hawakunidanganya kwa neno lolote. Mimi ndiye sikujua la kuuliza.

Kwetu Unguja dhahabu tunaijua. Mama zetu hukipima kidani kwa kiganja kabla mizani haijatoka, na rangi ya karati 22 tunaitambua tangu wadogo. Basi tukienda kutafuta almasi huingia na mazoea yale yale, tukauliza uzito kwanza. Ilhali karati ya dhahabu hueleza usafi wake, na karati ya almasi ni uzito mtupu: karati moja ni gramu 0.2. Uzito haukwambii jiwe litawaka vipi kidoleni.

Ili ujue kwa nini mawe mengi hukatwa vibaya, fikiria almasi ya waridi ya Mwadui, kule Shinyanga, mgodi uliogunduliwa na John Williamson mwaka 1940. Jiwe lile alizawadiwa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza alipoolewa mwaka 1947, likiwa ghafi lenye karati 54.5. Lilipomalizwa kukatwa zilibaki karati 23.6. Zaidi ya nusu iliondoka, na hakuna aliyelalamika, kwa sababu waliotoa walitaka uzuri. Sasa mweke mkataji wa kawaida ambaye jiwe lake litauzwa kwa karati. Kila anachosaga ni fedha inayogeuka vumbi. Akiona kwamba akiacha tumbo nene kidogo huku chini jiwe litafika karati moja kamili badala ya 0.90, ataliacha. Wewe utalipia tumbo hilo, na likishavishwa kwenye pete hutaliona tena.

Kwa hiyo kabla hujatoka nyumbani, badilisha swali lako. Bajeti usiipangie karati, ipangie milimita. Almasi ya duara yenye karati moja, ikikatwa vizuri, huwa na upana wa karibu milimita 6.5. Nyingine ya karati ile ile iliyojazwa tumbo inaweza kuwa na milimita 6 tu, yaani sura ya jiwe la karati 0.80 kwa bei ya karati nzima. Chukua karatasi nyeupe isiyo na mistari. Chukua na kioo cha kukuzia mara 10 ukikipata, ingawa sonara yeyote wa maana anacho chake. Na nenda asubuhi. Ukenda usiku, baada ya kufuturu kwa mfano, umekwenda kununua taa zao.

Hilo la taa nilifunzwa na umeme wenyewe. Miaka kadhaa baada ya pete yangu nilimsindikiza mtoto wa dada yangu, aliyekuwa anajitayarisha kuposa. Trei ilikuwa mbele yetu, mawe yote yanacheka, umeme ukakatika. Kijana wa dukani akasema, "Subiri kidogo dada, nawasha jenereta." Nikamwambia asiwashe. Mwanga uliobaki ni ule wa mlangoni, mwanga laini unaorudi kutoka kwenye kuta za chokaa, na pale pale trei ile ikajigawa. Mawe mengi yalizimika yakawa na rangi ya kijivu. Matatu yaliendelea kuwaka kana kwamba hayakusikia habari ya umeme. Yote yalikuwa na bei zinazokaribiana!

Zile taa ndogo kali za dukani, nyingi na zenye miale iliyokusanywa, hufanya hata kioo kimetemete. Mkato mzuri hujulikana kwenye mwanga wa kawaida: barazani, dirishani, chini ya kivuli. Jua kali la moja kwa moja nalo halifai. Litakupa cheche za rangi, lakini mwili wa jiwe utaonekana mweusi na hutaweza kuhukumu. Omba lipelekwe mlangoni. Wakikataa kwa kuhofia usalama, waombe wazime taa za juu ya kabati. Asiyetaka hata hilo amekwishakujibu.

Kabla hujalitazama, lioshwe. Almasi hupenda mafuta, kiasi kwamba migodini zamani changarawe ilipitishwa juu ya meza iliyopakwa grisi, almasi zikanasa na mawe mengine yakapita. Jiwe lililoshikwa na vidole vya wateja kumi, tena sisi tunaojipaka mafuta ya nazi, lina utando chini ambao huua mwanga. Maji ya vuguvugu, sabuni na mswaki laini vinatosha.

Sasa liweke juu ya karatasi nyeupe, kwa urefu wa mkono, uligeuze taratibu. Katika almasi iliyokatwa vizuri, mwanga huingia kwa juu, hupiga upande mmoja wa chini, hurukia wa pili, kisha hutoka tena juu ukakufikia machoni. Sehemu ya chini ikiwa ndefu mno au fupi mno, mwanga huvuja kama maji kwenye kata iliyotoboka. Dalili zake ni mbili na ukizijua hutazisahau. Ya kwanza ni moyo mweusi: katikati ya jiwe pana giza lisiloondoka hata ukiligeuza, nayo hutokana na chini kuwa refu kupita kiasi. Ya pili ni duara la kijivu linaloonekana ndani ya bapa la juu, ule uso mpana wa juu ya jiwe, hasa ukiliinamisha jiwe kidogo. Ni kivuli cha kiuno cha jiwe, yaani ukingo unaolizunguka, na maana yake chini ni fupi. Wenye kazi hiyo huliita jicho la samaki. Pale sokoni Darajani jicho la samaki ndilo linalokwambia ununue. Hapa ukiliona, shukuru na uondoke.

Unachotaka kuona ni weupe na weusi mdogo mdogo unaobadilishana nafasi kila jiwe linaposogea, sawasawa pande zote, pasipo kipande kilicholala. Almasi ya duara ya kisasa ina nyuso 57, au 58 ikihesabiwa na ile ya nchani chini, na zikikosea mpangilio jicho hulijua kosa kabla ya kulitaja.

Ndipo uje kwenye cheti. Mimi hukiomba mwisho, kisije kunifumba macho. Vyeti vya GIA, taasisi ya Marekani inayopima vito, hutoa daraja la mkato kwa almasi za duara tangu 2006, madaraja matano, la juu likiandikwa Excellent. Soma na vipimo. Mwaka 1919 mtaalamu wa almasi, Marcel Tolkowsky, alipiga hesabu akasema bapa la juu liwe asilimia 53 ya upana, mteremko wa juu nyuzi 34.5, na wa chini nyuzi 40.75. Leo watu huruhusu nafasi zaidi: bapa la asilimia 54 hadi 58, kina cha jumla asilimia 59 hadi 62.5, juu nyuzi 34 hadi 35, chini 40.6 hadi 41. Kina kikipita 63, uliza uzito umefichwa wapi. Mara nyingi umo kiunoni, kwenye ule ukingo unaozunguka jiwe. Kiuno kikiwa kinene umelipia nyama isiyoonekana; kikiwa chembamba kama wembe, kitabanjuka siku utakapogonga mkono kwenye mlango. Hapo kiunoni pia ndipo mara nyingi huchongwa namba ya cheti kwa leza. Isome kwa kioo, uilinganishe, kisha iingize kwenye tovuti ya waliotoa cheti ukiwa bado dukani.

Umbo la yai, la chozi na mengineyo yasiyo ya duara, vyeti vya kawaida vya GIA kwa muda mrefu havikuyapa daraja la mkato. Atakayekwambia la yai lake ni daraja la kwanza, muulize ni nani aliyelipa daraja hilo. Tazama giza lenye sura ya tai ya kipepeo linalokatiza katikati. Dogo linavumilika, kubwa halitakwisha. Na kama umerithi kipini au herini za bibi zenye jiwe bapa chini, usizipime kwa hesabu hizi. Mkato huo ni wa kale, uliofanywa kwa ajili ya mwanga wa mshumaa, na una uzuri wake wa upole.

Kuhusu bandia, nitasema moja tu. Kile kikalamu cha kupima jinsi jiwe linavyopitisha joto hudanganywa na moisanaiti, jiwe la kutengenezwa linalofanana na almasi, ambalo huwaka hata kuliko almasi. Litazame kwa kioo kupitia ubavuni: mistari ya upande wa nyuma utaiona miwili miwili. Almasi haifanyi hivyo.

Ukiweza, chagua jiwe kabla halijavishwa, sonara wako aliweke baadaye. Kwenye pete iliyokwisha, ukingo na kina havipimiki vizuri. Risiti iandikwe milimita na namba ya cheti pamoja na karati. Kidole kipimwe jioni, kwa sababu joto letu huvimbisha vidole na pete ya asubuhi hukwama magharibi. Mtoto wa dada yangu aliyasahau yote haya isipokuwa taa, akachukua moja ya yale matatu, la karati 0.70. Pete ikabana, ikarudi kwa sonara mara mbili.