Mapitio ya Mpango Kabambe wa Jiji: Kupanga Kalenda na Kugawa Watu

Kabla ya kufungua ramani yoyote, weka kalenda nne juu ya meza moja: ya vikao vya Baraza la Madiwani, ya mwaka wa fedha, ya mvua na ya uchaguzi. Mapitio ya mpango kabambe wa jiji la Tanzania, yaani mpango mkuu wa matumizi ya ardhi ya jiji zima, huchukua miezi 24 yakienda vizuri. Yanapofika miezi 40, ukichunguza utakuta michoro ilikuwa tayari zamani na kilichokwama ni tarehe. Hapa tunatumia Dodoma kama mfano, kwa sababu ni jiji linalokua kwa kasi na makosa ya kalenda huonekana haraka. Hesabu zenyewe zinafaa Mbeya, Tanga au Mwanza pia, ukibadilisha idadi ya watu na ya kata.

Anzia mwisho, rudi nyuma

Baraza hukaa kila robo mwaka. Rasimu haifiki huko moja kwa moja: inapita timu ya menejimenti ya Mkurugenzi, kisha Kamati ya Mipango Miji na Mazingira, ndipo iingie Barazani. Ukitaka Baraza la mwishoni mwa Aprili lipitishe rasimu, kamati iwe imekaa katikati ya Aprili, menejimenti mwanzoni mwa mwezi, na makabrasha yawe yamechapwa wiki ya pili ya Machi. Ukichelewa kikao cha kamati kwa siku moja, umepoteza miezi mitatu. Ndiyo maana ratiba nzima huandikwa kutoka kikao cha mwisho kurudi nyuma, na kila kikao huwekewa wiki mbili za akiba kabla yake.

Ndani ya hesabu hiyo weka wiki tatu za Kiswahili. Taarifa za kitaalamu nyingi huandikwa kwa Kiingereza, hasa zikitoka kwa mtaalamu mwelekezi (mshauri wa nje anayelipwa kwa mkataba), na madiwani hupewa kitabu cha kurasa 300 siku mbili kabla ya kikao. Wanakirudisha, na wana haki kufanya hivyo. Andaa muhtasari wa kurasa 20 hadi 25 kwa Kiswahili, wenye ramani ya kila kata na maelezo ya nini kinabadilika katika kata hiyo. Diwani akiuona mtaa wake kwenye karatasi, mjadala unakuwa wa maana.

Mwaka wa fedha unaanza Julai 1 na kufungwa Juni 30. Fedha za mapitio ziombwe kwenye bajeti inayoandaliwa kati ya Desemba na Machi, maana yake andiko la dhana liwe tayari Novemba. Gawanya kazi katika miaka miwili ya fedha na uhakikishe malipo makubwa hayaangukii Juni. Hati ya malipo inayoingia wiki ya mwisho ya mwezi huo inaweza isilipwe, na mkandarasi wa picha za anga akisimamisha kazi, timu nzima inakaa.

Uchaguzi wa serikali za mitaa ulifanyika Novemba 2024 na uchaguzi mkuu Oktoba 2025, hivyo mzunguko unaofuata ni 2029 na 2030. Katika miezi sita kabla ya uchaguzi wa mitaa, usitegemee mwenyekiti wa mtaa aitishe mkutano wa kuzungumzia hifadhi ya barabara itakayopita kwenye nyumba za watu. Kabla ya uchaguzi mkuu Baraza huvunjwa, na hakuna wa kupitisha rasimu. Kazi inayoanza Julai 2026 inaisha Juni 2028 ikiwa na nafasi ya kupumua. Inayoanza Julai 2027 inaisha Juni 2029, na kuchelewa kidogo tu kunaipeleka katikati ya kampeni.

Mwisho, mvua. Dodoma ina msimu mmoja, takriban Desemba hadi Aprili. Dodoso la kaya na picha za anga vifanyike Julai hadi Septemba: anga ni safi, majani yamepukutika, mapaa na makorongo yanaonekana, na kaya za kata za pembezoni hazijahamia mashambani. Lakini usiwafungie watu ofisini wakati wa mvua. Januari hadi Machi peleka wawili watatu wenye vipokezi vya GPS wakaweke alama za maji yalikofika, nyumba kwa nyumba. Korongo lililokauka mwezi Agosti halimwambii mtu kitu, na viwanja vingi vinavyofurika vilipimwa mwezi Agosti.

Hesabu siku za watu, usihesabu majina

Kosa linalorudiwa zaidi ni barua ya uteuzi yenye majina 15 na maneno "pamoja na majukumu yao mengine". Fanya hesabu. Mwaka una siku 260 za Jumatatu hadi Ijumaa. Toa likizo ya siku 28, ambayo hula kama siku 20 za kazi. Toa sikukuu zinazoangukia siku za kazi, tuseme 13. Zinabaki 227. Afisa mipango miji anayeshughulikia vibali vya ujenzi, mabadiliko ya matumizi ya ardhi na migogoro ya viwanja anatumia angalau nusu ya muda wake huko. Una siku 113 zake kwa mwaka, na hizo ukizipata kwa maandishi. Zisipoandikwa, atakuja Ijumaa mchana.

Kwa jiji la ukubwa wa Dodoma, kwa miezi 24, mgawanyo unaofanya kazi ni huu, kwa miezi ya kazi (mwezi mmoja wa mtu mmoja): kiongozi wa timu 24, wataalamu wa GIS (mifumo ya taarifa za kijiografia) wawili, jumla 48, wapangamiji watatu kwa nusu muda, jumla 36, mtunza nyaraka na kumbukumbu 24, afisa maendeleo ya jamii 8, mchumi au mtakwimu 6, mhandisi wa usafirishaji 6, mpimaji ardhi 6, afisa mazingira 5, mhandisi wa maji na mifereji 4, mthamini 2, mwanasheria 2. Jumla ni miezi 171, sawa na watu 7 wa muda wote na kidogo juu. Halmashauri isiyoweza kuwatoa watu 7 iajiri mtaalamu mwelekezi au irefushe muda tangu mwanzo.

Nafasi mbili katika orodha hiyo huwa za kwanza kukatwa na ndizo zinazoumiza zaidi. Wataalamu wa GIS ni wawili kwa sababu uhamisho wa watumishi hauulizi. Akihamishwa mmoja aliyekuwa peke yake, anaondoka na mpangilio wa mafaili kichwani mwake, na anayefuata hutumia miezi miwili kujua lipi ni toleo la mwisho. Mtunza nyaraka naye anaonekana anasa hadi siku ya pingamizi, mwananchi anapouliza mkutano wa kata yake ulifanyika lini, walihudhuria wangapi, na nani alisaini. Mahudhurio yasiyo na saini yanaweza kuirudisha kazi ya mwaka mzima.

Mwanasheria ana miezi miwili tu, lakini isambazwe: wiki mbili mwanzoni kwa tangazo la nia na azimio la Baraza kwa mujibu wa Sheria ya Mipango Miji ya 2007, zilizobaki wakati wa pingamizi na maandalizi ya Tangazo la Serikali. Kumwita mwishoni pekee ni kugundua mwishoni kwamba hatua ya kwanza iliachwa.

Ukimtumia mtaalamu mwelekezi

Zabuni kupitia NeST, mfumo wa kielektroniki wa ununuzi wa umma, pamoja na hadidu za rejea, tathmini na majadiliano, iwekewe miezi minne hadi mitano. Gawanya malipo kwa matokeo: taarifa ya awali isizidi asilimia 15, hali halisi 25, rasimu 25, mpango uliorekebishwa baada ya pingamizi 15. Asilimia 20 ishikiliwe mpaka data zote za kijiografia zikabidhiwe katika mafaili yanayofunguka na kuharirika, pamoja na maelezo ya kila safu ya ramani. Jiji lililopokea ramani za PDF pekee limenunua picha, na mapitio yajayo yataanza kuchora upya.

Hata hivyo, kiongozi wa timu, wataalamu wa GIS na mtunza nyaraka wabaki watumishi wa halmashauri. Mtaalamu mwelekezi ataondoka. Vibali vitaendelea kutolewa kesho yake.

Ramani ya msingi: wiki nane za kazi isiyoonekana

Kusanya michoro ya mipango miji iliyoidhinishwa, ramani za upimaji, na hifadhi za miundombinu kutoka TANROADS na TARURA (wakala wa barabara), TANESCO (umeme), shirika la reli na mamlaka ya maji. Barua hizi zitoke siku ya kwanza, kwa sababu majibu huchukua mwezi hadi miezi miwili.

Halafu angalia mfumo wa kuratibu, yaani namba zinazoonyesha kila sehemu ilipo duniani. Ramani za zamani zilichorwa kwa mfumo wa Arc 1960. Picha za satelaiti na vipokezi vya GPS hutumia mfumo mwingine, WGS84. Ukizibandika pamoja bila kubadili, viwanja vinahama takriban mita 300 kusini-kaskazini na chini kidogo ya mita 100 mashariki-magharibi, na barabara ya mchoro inapita juu ya mapaa. Dodoma ina mtego wa pili: iko karibu na longitudo ya nyuzi 36, ambapo kanda mbili za UTM (mgawanyo wa dunia kwa ajili ya kuchora ramani), ya 36 na ya 37, zinakutana. Chagua kanda moja, iandike ukutani, na kila faili linaloingia likaguliwe kwa alama tano zinazojulikana uwandani, kwa mfano makutano ya barabara za lami na pembe za majengo ya zamani.

Chora mapema pia maeneo yasiyojadiliwa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito, maziwa na fukwe. Eneo hilo likiingia kwenye ramani mwishoni, tayari umeshagawa viwanja ndani yake.

Watu wangapi, eneo kiasi gani

Hapa kosa dogo linakuwa mji mzima. Sensa ya 2012 iliikuta Dodoma na watu 410,956. Ya 2022 ikaikuta na 765,179. Ni ongezeko la karibu asilimia 6.4 kwa mwaka. Ukiipeleka kasi hiyo miaka 20 mbele unapata watu milioni 2.65 mwaka 2042. Ukitumia asilimia 4 unapata milioni 1.68. Tofauti ni karibu watu 976,000. Kwa wastani wa watu 100 kwa hekta, hizo ni hekta 9,760, karibu kilomita za mraba 98 za ardhi ya kupanga, kupima na kuwekea maji.

Ndani ya muongo huo kuna uhamisho wa serikali uliotangazwa 2016, tukio lisilojirudia kila miaka kumi. Kwa hiyo mchumi aandae makadirio matatu, na mpango uchorwe kwa awamu: awamu ya miaka 5 kwa makadirio ya kati, na ardhi ya akiba iliyohifadhiwa kwa makadirio ya juu. Mpe wiki sita kamili. Wapangamiji wasianze kuchora matumizi kabla hajamaliza, hata wakisukumwa.

Dodoso la kaya: kwa uhakika wa asilimia 95 na kosa la asilimia 5 unahitaji kaya 385. Kwa kuwa sampuli inachukuliwa kwa makundi ya mitaa, zidisha kwa 1.5, upate 578. Ongeza kwa ajili ya asilimia 10 wasiojibu, unafika 643. Wadadisi 10 wakifanya kaya 8 kwa siku wanamaliza kwa siku 9. Weka siku 2 za mafunzo, 1 ya majaribio na 3 za kurudia kaya ambazo hazikuwa na mtu. Sampuli hiyo inazungumzia jiji zima tu. Diwani akitaka takwimu za ukanda wake, kila ukanda unahitaji sampuli yake, na gharama inapanda hivyo hivyo. Liamuliwe kabla ya bajeti.

Mikutano ya kata

Dodoma ina kata 41. Timu mbili, kila moja mkutano mmoja kwa siku, siku nne kwa wiki, zinapata nafasi 48 ndani ya wiki sita. Zile 7 za ziada ni za misiba, mvua na mikutano isiyofikisha watu. Siku ya tano ni ya kuandika mihtasari. Usiipangie kitu kingine, maana muhtasari usioandikwa wiki ile ile hauandikwi tena. Kila timu iwe na watu wanne: mpangamiji wa kueleza, afisa maendeleo ya jamii wa kuongoza mazungumzo, mwandishi, na mtu wa ramani. Bajeti isiwasahau dereva, mafuta na posho ya watendaji wa mitaa wanaopita kuita watu.

Ramani ya mkutano ichapwe kwenye A0 kwa kipimo cha 1:2,500. Karatasi hiyo inabeba eneo la kilomita 2.1 kwa 3, na mtu anaona paa la nyumba yake. Kwa 1:10,000 anaona rangi. Juu ya picha ya anga andika majina ambayo watu wenyewe hutumia: mbuyu mkubwa, kisima, gulio, msikiti, kanisa, korongo. Ibandike ukutani kwa usawa wa macho, iache nusu saa kabla ya hotuba yoyote. Watasogea mmoja mmoja, mama ataweka kidole kwenye kijia na kusema hapa ndipo watoto wanapita kwenda shule, na mzee atamrekebisha mchoraji kuhusu mkondo wa maji uliozibwa. Mwandishi asimame pale pale. Toa kalamu za rangi moja tu kwa wananchi na za rangi nyingine kwa wataalamu, ili ofisini ijulikane nani alichora nini.

Kuweka wazi, pingamizi, idhini

Itengee hatua hii robo mbili nzima. Rasimu ibandikwe kwenye ofisi za kata pamoja na ofisi ya jiji, na kila pingamizi lipewe namba, tarehe ya kupokelewa na jibu la maandishi. Mpangamiji mmoja anajibu pingamizi 6 hadi 8 kwa siku ikiwa kila moja linadai kutembelea eneo. Yakija 400, hiyo ni siku 50 au zaidi za mtu mmoja, kwa hiyo watatu wale wa nusu muda warudi muda wote kwa wiki nne. Makubaliano hayo na Mkurugenzi yasainiwe siku mradi unapoanza.

Baada ya Baraza, mpango unakwenda wizarani. Wataalamu wa GIS wabaki mpaka Tangazo la Serikali litoke, kwa sababu maswali ya mwisho huwa ya mipaka na namba za kuratibu.