Klipu ya watekaji watoto ikitua kwenye grupu la wazazi, fanya hivi

Mama mdogo anaishi Pasua, Moshi. Grupu lao la wazazi la WhatsApp liliwaka kutwa nzima kwa klipu ya mtoto akinyakuliwa, "Majengo leo asubuhi jamani, kimbilieni shule." Nilimwelekeza kwa simu, naandika hapa kwa ajili ya wengine.

1. Usiisambaze. Ihifadhi. Ikiwa na mishale miwili juu yake, imeshapokezanwa mara 5 au zaidi, kwa hiyo usimbane aliyekutumia. Naye hajui ilikotoka.

2. Uliza grupu: nani ameona kwa macho yake? Kwa kawaida utatajiwa shemeji wa jirani. Mpigie mwenyekiti wa mtaa husika.

3. Tafuta ilikoanzia. Hapa ndipo watu hupoteza saa nzima wakihangaika kujua kama video imetengenezwa. Achana na hilo. Nyingi za taharuki zimerekodiwa kweli mahali fulani. Uongo uko kwenye maelezo na pale ilipokatwa. Mwaka 2018, huko India, makundi ya watu yaliua wapita njia kwa kuwadhania watekaji, na klipu mojawapo iliyokuwa imezagaa WhatsApp ilionyesha watu wa pikipiki wakimnyakua mtoto. Ilitoka Karachi, Pakistan, tena ni tangazo la kuhimiza usalama wa watoto. Mwishoni wale wa pikipiki wanamrudisha mtoto na kuinua bango. Mtu alikiondoa kipande hicho cha mwisho tu, basi.

Simamisha video sehemu tatu nne, hasa kamera ikiwa imetulia, upige picha ya skrini. Kata maandishi, emoji na ile mistari myeusi ya pembeni, la sivyo utaletewa vitu visivyohusiana kabisa. Kisha tafuta picha hizo mtandaoni: anza na Google Lens, halafu TinEye, zote ni za kutafuta picha ilikowahi kutokea. TinEye mimi naipenda zaidi kwa kuwa inaweza kukupangia matokeo kuanzia la zamani kabisa. Ukitoka kapa, geuza picha kushoto kwenda kulia, maana wajanja huzigeuza kama kwenye kioo. Tazama namba za magari: zetu za kawaida zinaanza na T, pikipiki MC. Ila upande wa barabara usikudanganye, India na Pakistan nao wanaendesha kushoto kama sisi. Zile programu za "kugundua video feki kwa sekunde" hata usipakue. Na ukikosa kila kitu usitangaze kwamba ni uongo, sema haijathibitishwa.

4. Jibu grupu kwa sauti, kwa sababu maandishi marefu hakuna anayesoma. Taja kwanza nchi na mwaka, halafu nani umempigia. Klipu yenyewe usiirudishe. Admini akiwa mkali, mfuate inbox.

Zile picha na kiungo ulichopata vitunze. Wiki ijayo klipu ileile ikija kwa jina la Ngarenaro, Arusha, unavituma tu.