Miguu inavyolinda mishipa ya damu ya jicho

Mishipa mingi ya damu imefichwa mwilini, lakini ndani ya jicho inaweza kuonekana wazi. Tangu Hermann von Helmholtz alipotengeneza kifaa cha kutazamia ndani ya jicho mwaka 1851, daktari anaweza kuziona ateri (mishipa inayotoa damu moyoni) na vena (inayoirudisha) za retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, zikiwa zinafanya kazi, bila kisu wala sindano. Katika uuguzi wangu wa macho nilimpokea dereva wa lori aliyekuja kutafuta miwani, akaondoka na rufaa ya presha. Ateri zake zilikuwa nyembamba kama uzi, na pale zilipopita juu ya vena zilizikandamiza. Hakuwa akisikia maumivu yoyote.

Kukaa kitako muda mrefu kuna mchango wake hapo. Mwaka 2011 watafiti wa Sydney walitoa matokeo ya watoto karibu 1,500 wa miaka 6 hivi. Waliocheza nje zaidi walikuwa na ateri pana zaidi za retina, na kadiri saa za televisheni zilivyoongezeka ndivyo ateri zilivyokuwa nyembamba. Watoto wa miaka 6! Peke yake hilo halithibitishi kwamba televisheni ndiyo iliyozibana. Ila tunajua kinachotokea mtu akitembea: damu hukimbia, husugua kuta za mishipa, nazo kuta hutoa naitriki oksaidi inayoilegeza. Zaidi ya hayo, mazoezi hushusha presha na sukari, ambazo ndizo zinazoiharibu retina kuliko kitu kingine.

Hatua ya 1. Pima kwanza. Presha na sukari. Mwenye kisukari cha aina ya pili achunguzwe retina kwa matone ya kupanua mboni mara tu anapogundulika, kisha kila mwaka, hata kama anasoma herufi zote ubaoni. Nasisitiza hili kwa sababu wengi hutufikia wakati jicho moja limeshazimika.

Hatua ya 2. Katiza kukaa. Kila nusu saa inuka, tembea dakika mbili tatu. Baada ya kula ndipo faida ni kubwa, kwani misuli inayofanya kazi huchukua sukari kutoka kwenye damu.

Hatua ya 3. Tembea kwa haraka. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wa 2020, linataka dakika 150 hadi 300 kwa wiki kwa watu wazima, na 60 kila siku kwa watoto. Mwendo unaofaa ni ule unaoweza kuongea lakini huwezi kuimba. Shuka daladala kituo kimoja kabla ya chako.

Hatua ya 4. Siku mbili kwa wiki, mazoezi ya nguvu. Kuchuchumaa na kuinuka ni mwanzo mzuri. Usibane pumzi unapojikaza, maana presha hupanda ghafla.

Maswali ya wanachama

*Mimi ni fundi, nakanyaga cherehani kutwa. Si mazoezi hayo?*

Yanasaidia kuliko kutulia kabisa, fundi, kwa sababu mashavu ya miguu yanasukuma damu. Lakini moyo hauendi mbio, na mapaja yamelala. Ukikata kitambaa, kata umesimama. Jioni tembea.

*Kuna video za kuzungusha macho juu na chini. Zinafungua mishipa?*

Hapana. Misuli ya jicho ni midogo mno kubadilisha presha au sukari yako. Kupepesa na kutazama mbali kunapunguza ukavu na uchovu wa macho, basi.

*Shikamoo dada. Mama ana kisukari, amechomwa leza jichoni. Anaruhusiwa kubeba ndoo za maji?*

Marahaba mdogo wangu. Leza mara nyingi hufanywa kwa sababu mishipa mipya imeota kwenye retina, na mishipa hiyo ni dhaifu, hupasuka upesi. Muulizeni daktari wake kama ndivyo ilivyo. Kabla hajawajibu, mama asibebe mizigo mizito, asiruke, asiiname kichwa kikishuka chini ya kiuno. Kutembea taratibu aendelee. Akiona ghafla vidoti vyeusi vingi, mwanga kama wa radi, au kama pazia linashuka, mpelekeni kliniki siku hiyohiyo, msingoje tarehe ya kadi. Maji mchotee wewe.