Kupogoa Miti ya Matunda kwa Kiasi

Kabla ya kushika msumeno, chunguza mti wako huzaa wapi. Mwembe hutoa maua kwenye ncha za matawi yaliyokwisha kukomaa, kwa hiyo anayeupogoa muda mfupi kabla ya maua huyaondoa maembe ya msimu huo kwa mkono wake mwenyewe. Wakati wake ni mara tu baada ya mavuno. Mpera huzaa kwenye machipukizi mapya, nao hustahimili kukatwa bila taabu. Mchungwa hauhitaji mengi zaidi ya kuondolewa matawi makavu, yanayosuguana, na maotea yanayochomoza chini ya kiungio cha kipandikizi, yaani pale mchungwa ulipounganishwa na shina la mti mwingine, ambayo yakiachwa huupokonya mti nguvu.

Tawi nene lisikatwe kwa mkato mmoja, kwani uzito wake hulivunja kabla msumeno haujafika mwisho, likachuna gome la shina. Anza upande wa chini, sentimita 30 hivi kutoka kwenye shina, hadi thuluthi ya unene. Kisha kata kutoka juu, mbele kidogo ya mkato wa kwanza kuelekea ncha ya tawi, tawi lianguke. Ndipo uondoe kisiki kilichobaki. Mkato huu wa mwisho ndio unaotaka jicho. Pale tawi linapoungana na shina pana uvimbe wenye mikunjo ya gome: kata nje yake kidogo, bila kuujeruhi na bila kuacha kisiki, maana katika uvimbe huo ndimo mti unamoanzia kukifunika kidonda. Kupaka rangi au lami juu ya kidonda ni mazoea ambayo sioni faida yake, hayazuii kuoza.

Wapo wanaodhani kilimo cha asili ni kuuacha mti ujiendee. Masanobu Fukuoka, mkulima wa Japani aliyekitetea kilimo hicho, aliwahi kuacha ghafla kuipogoa michenza ya baba yake iliyozoea kukatwa. Matawi yakasongamana, wadudu wakavamia, na mingi ikafa. Mti uliokwisha kuzoeshwa mkasi huachishwa kidogo kidogo, ilhali ule ambao haujaguswa tangu ukiwa mche unaweza kuachiwa umbo lake.

Kwa mwaka mmoja usiondoe zaidi ya robo ya matawi yenye majani, la sivyo mti utajibu kwa fito ndefu zilizosimama wima, zenye majani tele na matunda haba. Matawi yasiyo na ugonjwa yakatekate uyatandaze chini ya mti kwa unene wa sentimita 5 hadi 10, yasiguse shina; yenye ugonjwa yatolewe shambani siku hiyo hiyo, na msumeno ufutwe kwa spiriti kabla ya kuhamia mti mwingine.